Nasiruddin at-Tusi na Maduara Yake Mawili



Ndugu msomaji, kabla hujaanza kusoma maisha ya mwanachuoni wa toleo hili, nakuomba utafute katoni tupu ya sabuni, mkasi na bikari. Chora kwenye katoni duara lenye kipenyo cha sentimita 20, ulikate vizuri ili libaki tundu. Kwenye kile kipande ulichokitoa, chora duara lenye kipenyo cha sentimita 10, ulikate nalo upate kisahani. Tia alama ya wino kwenye ukingo wa kisahani hicho. Sasa kiweke ndani ya tundu, kiguse ukingo, ukibingirishe taratibu bila kukiacha kiteleze. Itazame ile alama ya wino inapita wapi.

Wengi hudhani itachora umbo la kuzunguka, kama ua au pete. Sivyo. Alama inakwenda moja kwa moja, inapita katikati ya tundu, inafika ng'ambo, kisha inarudi kwa njia ile ile. Maduara mawili, ambayo hayana hata sehemu ndogo iliyonyooka, yamezaa mstari mnyoofu.

Mtu aliyelithibitisha jambo hili na kulipa kazi ya kufanya alikuwa Muislamu wa Khurasan aliyefariki mwaka 1274. Miaka yake 73 aliishi katikati ya maangamizi makubwa kuliko yote ambayo Umma ulikuwa umeyaona hadi wakati ule, na mpaka leo Waislamu hawajakubaliana juu yake. Wapo wanaomwita mwalimu wa walimu, na wapo wanaomwita msaliti. Tutasimulia maisha yake kama yalivyopokewa, pamoja na yale yanayotuuma.

Kuzaliwa na malezi yake

Jina lake ni Abu Ja'far Muhammad bin Muhammad bin al-Hasan. Alizaliwa Februari 1201, sawa na mwaka 597 Hijria, katika mji wa Tus, kaskazini mashariki ya Uajemi. Ndiyo sababu akaitwa at-Tusi. Nasiruddin ni lakabu, maana yake mwenye kuinusuru dini. Mji huo wa Tus ndio uliomtoa pia Imam Ghazali, karne moja na nusu kabla yake.

Baba yake alikuwa mwanasheria wa madhehebu ya Shia Ithnaasharia, na ndiye aliyemsomesha Qur'ani na misingi ya fiqhi. Alimhimiza mwanawe asome kila fani, asiogope hoja za watu wa madhehebu mengine, bali azisikilize. Baba akafariki kijana akiwa bado mdogo. Tusi akaondoka Tus kwenda Nishapur, ambao wakati huo ulikuwa mji mkubwa wa elimu. Huko alisoma falsafa ya Ibn Sina kwa Fariduddin Damad na tiba kwa Qutbuddin al-Misri. Inasimuliwa pia kwamba alionana na mshairi Fariduddin Attar, mzee wa wakati ule.

Kisha wakaja Wamongolia. Majeshi ya Genghis Khan yaliingia Khurasan mwaka 1220, na mwaka 1221 Nishapur ikabomolewa na watu wake wakauawa. Sisi tuliozaliwa Burundi hatuhitaji kuelezwa sana maana ya mwanafunzi kukatizwa masomo na vita. Wazazi wetu wengi walioishi miaka iliyofuata 1993 wanaijua habari hiyo kwa miili yao. Tusi alikuwa kijana wa miaka 20 tu pale mji aliosomea ulipogeuzwa majivu.

Hakuacha kusoma. Alifika mpaka Mosul, nchini Iraq, akasoma hisabati na falaki kwa Kamaluddin bin Yunus, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hisabati wa zama zile. Aliporudi Uajemi alikuwa ameiva, ila hapakuwa na mji wa kumpokea. Khurasan yake ilikuwa magofu.

Miaka ya ngomeni

Penye usalama palikuwa pachache, na mojawapo ni ngome za Waismaili wa Nizari, zilizojengwa juu ya milima. Gavana wao wa Quhistan, Nasiruddin Abdurrahim, alipenda wasomi, akamwalika Tusi. Kabla ya mwaka 1235 alikuwa kwake, na mwaka huo akamwandikia kitabu cha maadili kwa Kiajemi, Akhlaq-i Nasiri, ambacho kimesomwa kwa karne nyingi kuanzia Uajemi hadi India. Baadaye akahamia Alamut, ngome kuu ya Waismaili. Kwa jumla alikaa nao zaidi ya miaka 20.

Je, alikaa kwa hiari au kama mfungwa? Hapo wanahistoria wanagawanyika. Vitabu alivyoviandika huko vinawasifu wenyeji wake. Lakini mwishoni mwa sharhe yake ya kitabu cha Ishara cha Ibn Sina, aliacha malalamiko mazito kwamba aliiandika katika dhiki na huzuni. Na ngome zilipokwisha kuanguka, aliandika dibaji mpya ya Akhlaq-i Nasiri, akaiondoa ile iliyowasifu Waismaili. Msomaji ataamua mwenyewe kama huo ulikuwa ukweli uliochelewa au ni kugeuka na upepo.

Jambo lisilo na ubishi ni kazi aliyoifanya humo. Alamut ilikuwa na maktaba kubwa na vyombo vya kupimia nyota. Tusi aliviandika upya vitabu vya hisabati vya Wayunani, akavisafisha makosa na kuvifafanua ili mwanafunzi aweze kuvisoma kwa mpangilio. Mwaka 1247 alimaliza Tahrir al-Majisti, na mwaka 1248 akamaliza kitabu cha Euclid. Na ngomeni humo ndimo maduara yake mawili yalimozaliwa.

Tatizo aliloachiwa na Batlamyus

Ili tuyaelewe maduara hayo, tutoke nje usiku. Huku Gihosha, umeme ukikatika, anga linaonekana vizuri kutoka mlimani hadi juu ya ziwa na milima ya Uvira ng'ambo. Ukiifuata sayari ya Mirihi usiku baada ya usiku, utaona inasogea kidogo kidogo kuelekea mashariki kati ya nyota. Lakini upo wakati inapunguza mwendo, inasimama, inarudi nyuma kwa majuma kadhaa, kisha inasimama tena na kuendelea mbele.

Ptolemy, ambaye wanavyuoni wetu walimwita Batlamyus, alieleza jambo hili huko Iskandaria katika karne ya 2. Alisema sayari imekaa kwenye duara dogo, na kitovu cha duara hilo dogo kinasafiri juu ya mzingo wa duara kubwa. Mizunguko hiyo miwili ikiunganishwa, sayari inachora njia yenye vitanzi, na ndani ya kitanzi ndipo inaonekana kurudi nyuma. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ikatumika kwa zaidi ya miaka 1,000.

Palikuwa na doa. Ili hesabu ilingane na mbingu, Batlamyus alilazimika kusema kwamba duara kubwa linazunguka kwa kasi sawa likipimwa kutoka nukta ambayo siyo kitovu chake. Fundi yeyote wa baiskeli angeshangaa. Gurudumu linazunguka juu ya ekseli yake. Huwezi kulitaka lizunguke kwa ulaini kulingana na nukta nyingine iliyo pembeni. Kwenye karatasi inawezekana, lakini matufe ya kweli, kama wao walivyoamini kwamba yanabeba sayari, hayawezi kwenda hivyo. Ibn al-Haytham alikuwa ameandika kitabu kizima cha kumpinga Batlamyus katika karne ya 11. Alionyesha ugonjwa, lakini dawa hakuitoa.

Maduara mawili

Tusi aliona kwamba kinachotakiwa ni kitu kitakachosogeza kitovu cha duara dogo karibu na mbali, kwenye mstari mnyoofu, mbele na nyuma, bila ya tufe lolote kuvunja kasi yake. Lakini kwa itikadi ya falsafa ya zama zake, mbinguni hakuna mwendo wa mstari mnyoofu; upo mzunguko tu. Atautoa wapi mstari mnyoofu?

Akautoa kwenye mizunguko yenyewe. Chukua duara kubwa, na ndani yake duara ambalo kipenyo chake ni nusu ya lile kubwa, likiligusa kwa ndani. Duara kubwa lizunguke upande mmoja, na dogo lizunguke upande wa pili kwa kasi maradufu. Nukta iliyokuwa pale yalipogusana itakwenda na kurudi juu ya kipenyo cha duara kubwa, wala haitatoka nje yake. Sisi kwa katoni yetu tumelishika duara kubwa lisizunguke na tumelibingirisha dogo. Matokeo ni yale yale.

Uthibitisho wake mwanafunzi wa sekondari anaumudu. Kwa kuwa duara dogo ni nusu ya kubwa, ukingo wake daima unapita kwenye kitovu cha duara kubwa. Linapobingirika bila kuteleza, urefu wa tao lililopitwa kwenye duara kubwa ni sawa na urefu wa tao lililopitwa kwenye duara dogo. Lakini urefu uleule, kwenye duara lenye nusu ya ukubwa, unafungua pembe mara mbili kwenye kitovu. Sasa kumbuka kanuni ya Euclid: pembe iliyo kwenye mzingo ni nusu ya pembe iliyo kwenye kitovu zikitazama tao moja. Nusu ya maradufu ni ileile ya kwanza. Kwa hiyo ukisimama kwenye kitovu cha duara kubwa, alama ya wino utaiona siku zote kwenye mstari uleule ilipoanzia. Haina pengine pa kwenda.

Jaribu kubadili kipimo uone jinsi nusu ilivyo ya pekee. Kisahani chako kikiwa theluthi ya tundu, alama itachora umbo la ncha tatu. Kikiwa robo, itachora nyota ya ncha nne. Ukikibingirisha nje ya kisahani kingine kinacholingana nacho, utapata umbo kama moyo. Wanahisabati wa leo huziita njia zinazochorwa kwa ndani hiposaikloidi, na zinazochorwa kwa nje episaikloidi. Katika familia yote hiyo, ni nusu kamili tu inayonyooka.

Tusi aliligusia jambo hili kwanza katika maandishi ya Kiajemi akiwa kwa Waismaili, akalirudia katika Tahrir al-Majisti, na akalikamilisha kwa matufe katika kitabu chake at-Tadhkira mwaka 1261. Kwa njia hiyo alitengeneza mwendo wa mwezi na wa sayari bila ile nukta ya pembeni ya Batlamyus. Sayari moja ilimshinda, nayo ni Utaridi. Alikiri katika kitabu hichohicho kwamba suluhisho lake lilikuwa bado halijamjia.

Alamut na Baghdad

Mwaka 1256 Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, alizizingira ngome za Waismaili. Tusi alikuwa miongoni mwa waliomshauri imamu wao, Ruknuddin Khurshah, asalimu amri. Ngome ikatolewa. Mwanahistoria Juvayni, aliyekuwa katika msafara wa Hulagu, aliomba ruhusa aingie maktaba ya Alamut. Akatoa misahafu na vyombo vya falaki, na vitabu alivyoviona vya upotofu akavitia moto. Mwenyewe ameliandika hilo katika tarikh yake.

Hulagu alikuwa amekwisha kusikia sifa za Tusi, akamchukua awe mshauri wake. Miaka miwili baadaye, Februari 1258, jeshi lile likaingia Baghdad. Mji uliokuwa makao ya ukhalifa kwa karne tano ukaporwa, watu wasiohesabika wakauawa, na khalifa al-Musta'sim akauawa pia. Tusi alikuwepo katika kambi ya Wamongolia. Imesimuliwa kwamba Hulagu alipoonywa na mnajimu mmoja kuwa akimdhuru khalifa mbingu zitalipiza, alimuuliza Tusi, naye akajibu kwamba makhalifa waliwahi kuuawa hapo nyuma na mbingu hazikuanguka.

Kwa ajili ya siku hizo, wanavyuoni kama Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walimwandika kwa maneno makali mno, wakamhesabu kuwa mshiriki katika damu ya Waislamu. Wengine, wa Shia na baadhi ya wa Sunni, wamesema kwamba uamuzi wa kuivamia Baghdad ulikuwa wa Wamongolia tangu mwanzo, na kwamba Tusi aliitumia nafasi yake kuokoa roho za wasomi na vitabu vilivyokuwa viishie mtoni. Jarida hili halina mahakama ya kuwahukumu watu waliokufa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Lakini tusimfiche msomaji: huyu mwenye uthibitisho mzuri ndiye huyohuyo aliyekuwa kambini siku ile.

Kituo cha Maragha

Mwaka 1259, mwaka mmoja tu baada ya Baghdad kuanguka, Tusi alianza kujenga kituo cha kuangalia nyota juu ya kilima magharibi ya mji wa Maragha, kaskazini magharibi ya Uajemi. Kilijengwa kwa fedha za mfalme aliyebomoa miji.

Kinasimuliwa kisa cha jinsi alivyomshawishi. Hulagu aliuliza kujua nyota kuna faida gani ikiwa yaliyoandikwa lazima yatokee. Tusi akaomba mtu apande mahali pa juu kwa siri, aangushe beseni kubwa. Mshindo ulipotokea askari wote walishtuka na kukimbia huku na huku, isipokuwa wao wawili, kwa sababu walijua. Hiyo ndiyo faida, akamwambia: anayejua hababaiki.

Tusi aliomba miaka 30 ya kupima, kwa kuwa sayari ya Zohali inahitaji muda wa karibu huo kumaliza mzunguko mmoja. Hulagu alitaka kazi iishe kwa miaka 12. Ukweli ni kwamba mfalme alitaka utabiri, na Tusi alimpa utabiri ili apate vipimo. Wengi katika mitaa yetu bado wanachanganya falaki na kupiga ramli. Tusi aliishi ndani ya mchanganyiko huo, akautumia.

Alikusanya watu bila kuuliza wametoka wapi. Mu'ayyaduddin al-Urdi alitoka Damascus kutengeneza vyombo. Muhyiddin al-Maghribi alitoka upande wa magharibi ya Uislamu. Qutbuddin ash-Shirazi alikuja kama mwanafunzi, akawa bingwa. Alikuwepo mtaalamu kutoka Uchina, na askofu Mkristo wa Syria, Barhebraeus, aliwahi kufundisha hapo Euclid na Batlamyus. Vitabu vililetwa kutoka Baghdad, Sham na Jazira.

Ibn Kathir, ambaye hakuwa mpenzi wake, ameandika kuhusu malipo ya Maragha: mwanafalsafa alipewa dirham 3 kwa siku, tabibu 2, mwanafiqhi 1, na mwanahadithi nusu dirham. Tusi alikuwa amekabidhiwa usimamizi wa mali za wakfu. Ndugu zetu wa kitivo cha sayansi watafurahia mgawanyo huo, na wale wa darsa za hadithi watakasirika, na wote wana haki ya kuuliza: aliyeweka wakfu ule alikusudia nini?

Meza za nyota zilizotoka Maragha, Zij-i Ilkhani, zilikamilika karibu na mwaka 1272. Hulagu alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe Abaqa ndiye aliyekuwa anatawala. Katika miaka hiyohiyo ya maisha yake, Tusi aliandika pia kitabu juu ya pembetatu kilichoitenganisha elimu ya trigonometria na falaki, ikasimama peke yake kama fani ya hisabati. Elimu hiyo ya pembetatu zilizo juu ya tufe ndiyo inayotoa mwelekeo wa Kibla. Kwa sisi wa Bujumbura, hesabu inatupa kama nyuzi 22 kutoka kaskazini kuelekea mashariki.

Kufariki kwake na kilichobaki

Mwaka 1274 alisafiri kwenda Baghdad pamoja na baadhi ya wanafunzi wake. Huko akaugua, akafariki tarehe 26 Juni, sawa na Dhulhijja 672. Alizikwa Kadhimiya, karibu na kaburi la Imam Musa al-Kadhim. Mwanawe Sadruddin Ali akakisimamia kituo cha Maragha baada yake. Kituo kilidumu kwa miongo kadhaa, kisha kikawa magofu. Misingi yake ilifukuliwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1970.

Maduara yake yalisafiri mbali zaidi. Qutbuddin ash-Shirazi aliyaendeleza. Ibn ash-Shatir, mwenye kupanga nyakati za swala katika Msikiti wa Umawiyya huko Damascus, aliyatumia katika karne ya 14. Maelezo yake yalifika hata kwenye maandishi ya Kiyunani, kwa kuwa wasomi wa Byzantium walikuja kusoma Tabriz. Mwaka 1543 Copernicus wa Poland, aliyeliweka jua katikati, alitumia kifaa hichohicho katika kitabu chake. Watafiti bado wanajadiliana alikipata kwa njia gani. Wapo wanaoonyesha kwamba herufi za mchoro wake zinafuatana na herufi za Kiarabu za mchoro wa Tusi. Wapo wanaosema aliweza kufikia hapo mwenyewe. Mwaka 1966 Edward Kennedy, aliyekuwa akifundisha Beirut, ndiye aliyeyapa maduara hayo jina la jozi ya Tusi, na jina hilo likashika.

Yaliingia hata kiwandani. Mwaka 1805 Matthew Murray wa Uingereza alitengeneza injini ya mvuke ambayo gurudumu lake la meno linabingirika ndani ya gurudumu lililo kubwa mara mbili, ili mwendo ulionyooka wa pistoni ugeuke mzunguko. Injini moja ya aina hiyo ingalipo katika jumba la makumbusho la Birmingham. Na mwezini kuna shimo lililopewa jina la Nasireddin.

Mafunzo tunayoyapata

Kwanza, uthibitisho hausimami kwa tabia ya aliyeuleta. Ndugu anaweza kumpenda Tusi na mwingine akamkataa, lakini wote wawili wakibingirisha kisahani, alama itapita katikati. Wanavyuoni wetu wa Sunni walilielewa hilo. Ali al-Qushji, mnajimu mkubwa wa Samarqand na Istanbul, alikiandikia sharhe kitabu cha Tusi cha itikadi, akakijadili pale asipokubaliana nacho. Hakukichoma moto.

Pili, na hili ni upande wa pili wa lile la kwanza: uthibitisho mzuri haumsafishi mtu. Kuna wanaosema kwamba maisha ya Tusi yalikuwa kama maduara yake, yaani aligeuka huku na huku, kutoka kwa gavana hadi kwa imamu hadi kwa mfalme, lakini nia yake ilikwenda mstari mnyoofu wa elimu. Ni kauli inayopendeza. Ila mistari ya hisabati tunaweza kuithibitisha, na mistari ya nyoyo anaijua Allah Subhanahu wa Taala peke yake. Mwenye akili kuliko sisi sote alijikuta kambini mwa waliouangamiza mji wa Waislamu. Basi tunapopata shahada na kuitwa na wenye nguvu, tusijidanganye kwamba elimu yetu itatulinda isitufike siku kama ile.

Tatu, tuseme tusichokijua. Aliyeitengeneza njia ya mwezi hakuona aibu kuandika kwamba Utaridi imemshinda. Kwa msingi huohuo, tusiwaambie wenzetu kwamba Copernicus aliiba kwa Waislamu. Tuseme kilichothibitika, na chenyewe kinatutosha.

Nne, elimu inataka mahali pa kukaa. Vita vilivyoiharibu Nishapur viliangamiza pia madrasa na maktaba zake. Tusi alipopata nguvu, alichojenga ni nyumba ya vitabu yenye mishahara, vyombo na wanafunzi wa kuendeleza pale alipokwama. Sisi hatuna mfalme wala wakfu wa Baghdad, lakini rafu moja ya vitabu kwenye chumba cha msikiti, ikilindwa na kuazimishwa kwa daftari, ni Maragha ndogo.

Ile katoni usiitupe. Mpe mdogo wako anayesoma hesabu, umuache akisie kwanza alama itakwenda wapi, kisha umuonyeshe. Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu ambayo itakuwa hoja dhidi yetu Siku ya Kiyama.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.